Shimo la choo si hati ya udongo

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, leo nazungumzia choo. Wengine watacheka, wengine wataona haya. Acheni niseme.

Wengi wa ndugu zetu waliokimbia vita hawakai kambini. Wanakaa katika parsele za watu: kwa shangazi, kwa rafiki, kwa mtu waliyesali naye. Wenyeji wamefanya jambo la heshima. Lakini choo kilichochimbwa kwa jamaa moja sasa kinatumiwa na jamaa tatu ao nne. Kikijaa, watu wanaenda porini. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yanafuata, zinasema choo kimoja kwa watu 20. Hesabuni watu wa parsele yenu.

Nauliza kila mara: kwa nini hamchimbi kingine? Mhami ananijibu kwamba yeye ni mpita njia, kesho anarudi kwao. Kesho hiyo imeingia mwaka wa pili. Mwenye parsele ananivuta pembeni na kusema lingine: nikimruhusu achimbe, kesho atasema hapa ni pake. Woga huo siudharau, tumegombania udongo vya kutosha.

Lakini mvua ikinyesha, mavi ya porini yanateremka hadi kwenye chemchemi, na hapo bidoni ya mwenyeji na ya mhami zinajazwa pamoja. Ndivyo kolera inavyopita. Wakubwa wanakumbuka Goma, mwezi wa 7 mwaka 1994: kolera na kuhara damu viliua wakimbizi wa Rwanda karibu 50.000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kule chini ni mawe ya volkano, kuchimba ilikuwa taabu. Udongo wetu unakubali jembe.

Basi machefu waite pande zote mbili, waseme mbele ya mashahidi kwamba shimo ni la mwenye parsele, na mhami anachimba na kutumia tu. Salongo ianzie hapo, majani ya barabara yangoje. Shimo liwe mbali na chemchemi, metre 30 ao zaidi, na lisifike kwenye maji ya chini. Tundu lipate kifuniko. Mlangoni wekeni maji na sabuni, ikikosekana, majivu. Kwa hayo hatuhitaji kungoja gari kutoka Kindu.

Na wamama wanaongoja giza ndipo waende porini, wakiogopa nyoka na watu wenye silaha, msiwaambie choo ni jambo dogo.

Katika parsele ninamoishi tuko watu 26, choo kimoja. Juma lililopita tulianza kuchimba cha pili, tumefika metre moja na nusu. Mwenye parsele anakuja kila jioni, anachungulia ndani ya shimo, anarudi nyumbani kwake. Bado hajasema neno.