Ganda la Mti Lililolisha Jamaa

Mwezi huu twende mbali, mpaka Japani. Kaskazini ya inchi ile, katika jimbo la Akita, theluji inaanguka mingi, na kuna mji mdogo wa Kakunodate. Mafundi wa pale wanatengeneza vyombo kwa ganda la sakura wa porini. Sakura ni ule mti ambao Wajapani wanausifu sana kwa maua yake. Mafundi hawa wanataka ngozi yake, nyekundu-nyeusi, ngumu, yenye kung'aa. Kazi yao inaitwa kabazaiku.

Ilianza pale kati ya 1781 na 1789. Mtu mmoja, Fujimura Hikoroku, alileta ufundi huo toka eneo la Ani. Waliojifunza walikuwa askari wa cheo cha chini. Mshahara wao haukutosha chakula cha nyumba, basi wakafanya kazi ya pembeni. Askari mzima kukwangua maganda! Lakini ngoja. Katika 1868 utawala ukageuka, na miaka iliyofuata cheo chao kikafutwa, mshahara nao ukakatika kabisa. Ninyi mnaongojea mwisho wa mwezi mnaelewa neno hili bila mimi kulieleza. Ile kazi ya pembeni ndiyo ikawa kazi ya kulisha watoto.

Inafanywa namna gani? Fundi anakwangua ganda kwa kisu mpaka rangi nzuri itokee. Anapaka gundi inayopikwa kwa ngozi na mifupa ya nyama, anaacha ikauke. Kisha anazungusha ganda juu ya kipande cha mti cha mviringo, anakandamiza kwa chuma cha moto, kama mama anapopiga pasi. Gundi inayeyuka, inashika. Hivi ndivyo wanavyofanya mkebe wa majani ya chai. Ganda linazuia unyevu, chai haiharibiki upesi.

Na mti wenyewe, unakufa? Ukiuchuna pande zote mpaka ndani, ndiyo, utakufa, hata huku kwetu porini tunajua. Wao wanachukua ganda la juu, tena sehemu tu. La ndani hawaligusi. Miaka ikipita linaota lingine, lenye kukwaruza zaidi, wanaliita ganda la pili, nalo linatumiwa.

Katika 1976 serikali ya Japani iliandika kabazaiku kati ya kazi za mikono za asili za inchi. Na mkebe ule, bibi anaushika kila asubuhi akipika chai, na kila mwaka unazidi kung'aa.