Kimya Si Upungufu

Wako wasemao kwamba filamu za zamani zisizo na sauti hazikustahili kusimulia maisha ya jukwaani, kwa kuwa uhai wa tamthilia ni maneno. Nasema wamekosea. Katika Exit Smiling ya mwaka 1926, Beatrice Lillie ni Violet, mtumishi wa kundi la waigizaji wasafirio, ambaye jukwaani hapewi ila sehemu duni. Sehemu kuu aitamaniyo anaiigiza nje ya jukwaa, ili amwokoe kijana ampendaye na tuhuma ya wizi. Naye kijana haijui kamwe fadhila ile. Jukwaa humtukuza aliyepewa maneno. Asiyepewa, ni sanaa gani imweleze vema kuliko ile isiyo na sauti? Wanaokitakia kisa hiki sauti wanataka kumnyang'anya Violet siri yake, na siri hiyo ndiyo heshima yake.