Mzigo Umekaa Nyuma ya Ekseli, Shokapu Inalaumiwa

Bodaboda ikianza kugota nyuma, gereji nyingi zina dawa moja: kukaza. Fundi anaongeza springi ya pili, anapachika kipande cha bomba chini ya springi iliyopo, au anafunga shokapu ndefu zilizotolewa kwenye pikipiki ya aina nyingine. Dereva anaondoka ameridhika, maana sasa akipakia magunia mawili ya mkaa nyuma hailali. Asichoambiwa ni kwamba amelipia uwezo wa kubeba kwa uwezo wa tairi kushika barabara, na deni hilo litadaiwa kwenye kona au siku ya breki ya ghafla.

Shokapu ina kazi mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya. Springi inabeba uzito. Mafuta yaliyo ndani, yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vyembamba, yanaituliza springi isirudi kwa kishindo. Kiwanda huvipima viwili hivi pamoja. Ukitia springi ngumu na kuacha mafuta yaleyale, springi inakuwa bwana: gurudumu likigonga tuta linarushwa, linatua, linarushwa tena. Kila linapoachana na lami, hata kidogo tu, breki ya nyuma haina cha kuzuia. Hali huwa mbaya zaidi dereva anaporudi bila mzigo, kwa kuwa springi iliyokazwa kwa ajili ya magunia sasa imebeba mtu mmoja. Apite juu ya rasta mvua ikinyesha, na gurudumu la nyuma litadunda kama mpira.

Shokapu ndefu zina hila yake. Nyuma ikipanda, shokapu za mbele husimama wima zaidi, na tabia ya usukani hubadilika. Tazama magurudumu ya mbele ya toroli la supamaketi: yananyooka yenyewe kwa sababu yanaburutwa nyuma ya mhimili wake. Gurudumu la mbele la pikipiki nalo hugusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani, na umbali huo mdogo ndio unaolirudisha kwenye mstari. Nyuma ikiinuliwa, umbali unapungua. Usukani unakuwa mwepesi, jambo linalopendeza kwenye foleni, lakini kwenye mwendo mkali shimo dogo tu linatosha kuutikisa mikononi.

Kuna watakaosema kwamba hata waendesha pikipiki za mashindano hubadilisha shokapu zao. Ni kweli, ila huzibadilisha kwa kuelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa sisi 250 akiwa na Yamaha yenye shokapu moja ya nyuma, mfumo uliobuniwa na Mbelgiji Lucien Tilkens. Faida yake ilikuwa safari ndefu ya gurudumu, likipanda na kushuka kwa utulivu, ili tairi ifuate ardhi badala ya kurukaruka juu yake. Tangu hapo mbio za vumbi zimeshika njia hiyohiyo, na wanaozijua hurekebisha mbele na nyuma kwa pamoja, springi na mafuta kwa pamoja.

Hoja nzito zaidi ni ya riziki. Barabara za vijijini ni mbovu, shokapu mpya ni ghali, na kipande cha bomba ni bei ya soda. Hilo halina ubishi. Lakini bomba lile haliifanyi springi kuwa ngumu. Linaiinua pikipiki tu na kuipunguzia springi nafasi ya kujikunja. Kazi hiyohiyo inafanywa bure na pete yenye vidato iliyopo kwenye shokapu za nyuma za pikipiki nyingi ndogo, tena bila kuvuka mipaka aliyoiweka mtengenezaji. Pete hiyo ikifika kidato cha mwisho na pikipiki bado inagota, tatizo liko kwenye mzigo. Keria iliyorefushwa na mishikaki ya abiria watatu hukaa nyuma ya ekseli, na kinachokaa hapo hunyanyua mbele kama pembea, springi iwe ngumu au laini. Gurudumu la mbele likipungukiwa uzito, linapungukiwa pia nguvu ya kukata kona na kufunga breki. Hakuna shokapu inayoufuta wenzo huo. Mzigo kupunguzwa au kusogezwa mbele ndiko kunakoufuta.

Wapo pia wanaosema dereva mzoefu huizoea pikipiki yake. Huenda, lakini mazoea hayaongezi mguso wa tairi na ardhi, na abiria anayepanda kwa mara ya kwanza hana mazoea yoyote. Huyo walau ana kipimo kisichohitaji fundi: abonyeze kiti cha nyuma kwa nguvu kisha akiachie. Kikipanda na kutulia, mafuta yangali yanafanya kazi. Kikichezacheza mara mbili au tatu, na miguu ya shokapu imelowa mafuta yaliyoganda na vumbi, asubiri bodaboda nyingine.