Mafundisho ya Ndoa Yatangulie Mahari

Na Kabamba Ilunga

Mafundisho ya ndoa ni mazungumzo wanayofanyiwa wachumba kabla ya kuoana, ili wajue mapema wataishi vipi na watashirikiana nini. Mjini Lubumbashi ndoa hupitia milango mitatu: mahari kwa wazazi wa binti, ofisi ya komuni, kisha kanisa au msikiti. Kwa kawaida ni mlango wa mwisho tu unaowakalisha wachumba wote wawili na kuwafundisha.

Wazee walifundisha pia. Kwa Wabemba msichana alipitia kisungu, yaani unyago, chini ya nachimbusa, mama mzoefu wa mambo ya nyumba. Audrey Richards aliishuhudia sherehe hiyo upande wa Zambia ya leo mwaka 1931. Yalikuwa mafundisho ya kina, ila mzigo wake ulimwangukia binti. Kampuni ya madini ya Union Minière nayo haikutofautiana sana ilipoanza, miaka ya 1920, kuwataka wafanyakazi wakae kambini na wake zao. Baadaye wanawake wakafundishwa kushona, kupika na kulea watoto, na mwanamume akafundishwa kazi ya mgodi. Kuwa mume hakufundishwa na mtu.

Katanga, eneo letu hili lenye Lubumbashi, iliona njia bora zaidi. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha harakati ya Kikatoliki ya Jamaa huko Kolwezi miaka ya 1950, kati ya wachimbaji na wake zao. Baba na mama waliingia pamoja, wakafundishwa kwa Kiswahili juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Tempels alirudi kwao mwaka 1962, na Jamaa ikaja kugombana na maaskofu. Tena ilikuwa ya watu waliokwisha kuoana. Hata hivyo msingi wake ni thabiti: nyumba ni ya wawili, basi wafundishwe wawili. Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981 kuhusu familia, alitaka maandalizi yaanze tangu utotoni, yaendelee wakati wa uchumba, yamalizikie karibu na harusi. Sala na maadili hayakosi katika mafundisho ya kanisani na msikitini. Mambo ya sheria, fedha na damu ndiyo hupitiwa juu juu, na ndiyo yanayovunja nyumba.

Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria. Marekebisho ya 2016 yakaweka makubaliano ya wote wawili mahali pa ruhusa hiyo. Sheria hiyo inatoa pia njia tatu za kumiliki mali: kila mtu na yake, yote kuwa ya wote, au kushirikiana kile tu kilichopatikana ndani ya ndoa. Wasiochagua huangukia njia ya tatu. Wachumba wanaosikia swali hilo mara ya kwanza mbele ya ofisa wa etasivili pale komuni, wageni wakingoja nje, hawana nafasi ya kufikiri. Na jibu lake ndilo litakaloulizwa siku ndugu wa marehemu watakapokuja kudai nyumba kwa mjane.

Fedha pia. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliacha kazi katika mpango mmoja wa kupunguza watu. Nyumba nyingi zikaanza kuishi kwa biashara ndogo ya mama, huku baba akiendelea kuhesabiwa mwenye kauli. Wachumba wanapaswa kuulizana wazi: mshahara ukikatika, nani ataamua nini?

Kuhusu damu, kipimo cha selimundu hakifai kuachwa. Wazazi wawili wenye chembe AS, yaani wanaobeba selimundu bila kuugua, wanaweza kuwa wazima kabisa, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe.

Tatizo kubwa ni wakati. Sheria inataka angalau sehemu ya mahari iwe imetolewa kabla ndoa haijafungwa, kwa hiyo wachumba wengi hufika kwa padri au mchungaji familia zikiwa zimekwisha kula pamoja na kupokea vitu. Anayegundua jambo zito hapo huona aibu kurudi nyuma, maana wazazi wataanza kudaiana. Mazungumzo yafanyike pale kijana anapojitambulisha kwa wazazi, kabla orodha ya mahari haijaandikwa, wakiwepo shangazi, muuguzi na mume na mke waliokaa miaka mingi katika ndoa. Wakati huo wachumba bado wanaweza kuahirisha, au kuachana, bila mtu kudai mbuzi wake.