Tusome hesabu za kampuni kabla ya kununua hisa

Kila mara kampuni inapouza hisa kwa umma, wananchi wengi hukimbilia kwa madalali wakiwa na swali moja tu: mwaka jana ililipa gawio kiasi gani? Swali hilo si baya, lakini naona halitoshi kumlinda mtu anayeweka akiba ya miaka mingi katika soko la hisa.

Mfano ni Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme hapa Uganda. Mwaka 2012 iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 275 kila moja. Kampuni hiyo ilifanya kazi kwa mkataba wa miaka 20 na serikali, ulioanza mwaka 2005. Jambo hilo halikuwa siri, kwani lilielezwa wazi katika hesabu zake. Tarehe 31 Machi 2025 mkataba ulimalizika na kazi ya usambazaji ikarudi kwa shirika la serikali. Wanahisa wakabaki kutegemea fidia, ambayo pande mbili hazikukubaliana kiasi chake.

Tuchukue hesabu rahisi. Tuseme hisa inauzwa kwa shilingi 400, na faida kwa kila hisa ni shilingi 50 kwa mwaka. Ukigawanya unapata 8, yaani faida ya miaka minane inatosha kurudisha fedha zako. Wengi watasema hisa hiyo ni ya bei nafuu. Lakini ikiwa mkataba wa kampuni umebakiza miaka mitano, faida yote itakuwa shilingi 250. Je, shilingi 150 zilizobaki zitatoka wapi? Jibu haliko katika jedwali la faida. Liko katika maelezo yaliyo kurasa za nyuma, ambazo wengi hawazifungui.

Kwa hiyo nashauri mnunuzi achunguze mambo manne. Kwanza, faida ya miaka mitano mfululizo, si ya mwaka mmoja. Pili, fedha taslimu zinazoingia, maana kampuni yaweza kutangaza faida huku wateja wake hawajalipa. Tatu, madeni na muda wa kuyalipa. Nne, maoni ya mkaguzi pamoja na maelezo ya hesabu, ambamo kesi na mikataba hutajwa.

Aidha, mzigo huu asiachiwe mwananchi peke yake. Hesabu hizi huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji haina budi kuzitaka kampuni zitoe muhtasari katika lugha wanazozielewa wanunuzi, na mikataba yenye kikomo itajwe katika ukurasa wa kwanza.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka faida ya hisa naye ainamie hesabu hizo kabla hajatoa fedha zake.