Kabla hujasaini umeme ‘wa kijani’ mlangoni

Wiki iliyopita kundi letu la WhatsApp la ukoo lilichangamka saa nne usiku. Binti wa shangazi yetu, aliyehamia jimbo la Maryland nchini Marekani miezi michache iliyopita pamoja na mumewe na watoto wawili, alituma picha ya karatasi yenye alama ya jani. Kwao ilikuwa bado mchana.

“Jamani, kuna kijana yupo hapa mlangoni. Anasema nikijiunga nao, nyumba yetu itatumia umeme wa upepo na jua asilimia mia moja. Anataka kuona bili yangu. Nimpe?”

Kabla wengine hatujajibu, mdogo wangu, ambaye ameishi jimbo hilohilo zaidi ya miaka kumi, akatuma ujumbe wa sauti: “Mdogo wangu, usimpe. Mwambie aache karatasi aende. Nakupigia sasa hivi.”

Mimi nilijua haraka ile ilitoka wapi. Yalimkuta yeye mwenyewe mwaka 2023, na kilichomuuma zaidi hakikuwa pesa.

Siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mlango ukagongwa. Kiingereza cha kazini anakijua vizuri, ila Kiingereza cha mikataba ni lugha nyingine. Akamwita mwanawe, wakati huo ana miaka 11, aje amsaidie. Muuzaji alipoona mama anasitasita, akamgeukia mtoto. Akamuuliza kama shuleni wamefundishwa kuhusu joto la dunia. Mtoto akasema ndiyo, tena kwa furaha. Basi akaambiwa, “Mweleze mama, hii inasaidia dunia na bei haipandi.”

Mtoto akatafsiri. Mama akasaini kwenye kishkwambi.

Miezi mitatu baadaye bei ya kuanzia ikaisha na ikaingia bei inayobadilika kila mwezi. Bili iliyokuwa dola 110 ikafika dola 190. Mdogo wangu akamwita mwanawe na kumfokea: “Wewe ndiye uliyesema bei haipandi!” Mtoto hakujibu. Ila tangu siku hiyo akakataa kumtafsiria mama yake kitu chochote, iwe barua ya shule au maneno ya daktari.

Mzazi mwenzangu, tuanze na umeme, halafu turudi kwa mtoto.

Sheria inamgusa mwenye duka

Sisi tumezoea LUKU na shirika moja linalotuuzia umeme. Maryland si hivyo. Nguzo, nyaya na mita ni za kampuni moja ya eneo lako, na hiyo huchagui. Lakini umeme wenyewe unaweza kuununua kwa kampuni nyingine. Ndiyo maana bili ina sehemu mbili: gharama ya kuufikisha umeme nyumbani na gharama ya umeme wenyewe. Kijana wa mlangoni anauza hiyo sehemu ya pili tu. Ukijiunga naye, hakuna waya unaobadilishwa, na umeme unaowasha taa yako ni uleule unaowasha taa ya jirani.

Sasa, huo “ukijani” unatoka wapi?

Zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani yana sheria inayowalazimisha wanaouza umeme kwa rejareja kuhakikisha kwamba sehemu fulani ya mauzo yao inatokana na nishati jadidifu, yaani jua, upepo, maji na vyanzo vingine vinavyojirudia. Iowa ndiyo ilianza, mwaka 1983. Texas, jimbo linalojulikana kwa mafuta, ilifuata mwaka 1999, na aliyesaini sheria hiyo ni gavana wa wakati huo, George W. Bush. California inataka asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Hawaii inataka asilimia 100 ifikapo mwaka 2045. Maryland ilitunga sheria yake mwaka 2004, na mwaka 2019 ikapandisha lengo hadi asilimia 50 ifikapo mwaka 2030.

Fikiria muuza sukari wa mtaani kwako. Serikali inamwambia: katika kila kilo 100 unazouza, kilo kadhaa lazima zitoke kwa wakulima wadogo. Hakuna atakayechambua punje moja moja. Muuzaji anatakiwa kuonyesha stakabadhi tu.

Kwenye umeme, stakabadhi hiyo ni cheti. Mtambo wa upepo au wa jua ukizalisha yuniti 1,000, unapata cheti kimoja. Cheti hicho kinaweza kuuzwa peke yake, mbali na umeme wenyewe. Mwisho wa mwaka muuzaji anahesabu alichouza, anaonyesha vyeti vinavyotakiwa, na vikipungua analipa faini. Gharama ya vyeti hivyo inaingia kwenye bei, kwa hiyo inakufikia wewe.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mdogo wangu hakuambiwa. Hata kabla ya kusaini, alikuwa tayari analipia umeme wa jua na upepo. Kila nyumba Maryland inalipia, ya tajiri na ya maskini, kwa sababu sheria inambana kila anayeuza. Alichouziwa mlangoni kilikuwa ni vyeti vya ziada juu ya vile vya lazima.

Je, vya ziada vina faida? Vinaweza kuwa nayo. Mtu mwenye uwezo anayetaka kuchangia zaidi ya sheria inavyodai ana haki hiyo, na wapo wauzaji waaminifu. Lakini cheti kinaweza kuwa kimetoka kwenye mtambo wa zamani ulio majimbo ya mbali, kimenunuliwa kwa bei ndogo, huku wewe ukitozwa nyongeza kubwa.

Tena neno “jadidifu” lenyewe linaamuliwa na wabunge. Kwa miaka mingi sheria ya Maryland ilihesabu umeme wa kuchoma taka katika daraja moja na jua na upepo. Jiji la Baltimore lina tanuri kubwa la taka, na wazazi wa mitaa ya karibu walilalamikia moshi wake huku tanuri likipata vyeti. Mwaka 2025 ndipo wabunge walipouondoa umeme wa taka kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa “kijani”, una haki ya kuuliza: kijani kwa nani?

Maswali ya kuuliza

Haya ndiyo mdogo wangu alimsomea binti wa shangazi kwenye simu. Ninayaandika kwa ajili ya ndugu walio huko, na kwa wewe uliye hapa mwenye mtoto au dada anayejiandaa kusafiri.

Kwanza, usimwonyeshe bili mtu aliyekuja mlangoni. Namba iliyo kwenye bili ndiyo inayotumika kukuhamisha kutoka kwa muuzaji mmoja kwenda mwingine. Kumpa ni kama kumpa kalamu asaini kwa niaba yako.

Pili, uliza bei kwa yuniti moja, kisha ilinganishe na bei ya kampuni ya kawaida ya eneo lako, ambayo imeandikwa kwenye bili. Usilinganishe jumla ya mwezi, kwa sababu wakati wa baridi matumizi hupanda hata kama bei haijabadilika.

Tatu, uliza bei hiyo inadumu miezi mingapi, na baada ya hapo inakuwaje. Jibu likiwa “inafuata soko”, jua kuwa inaweza kupanda.

Nne, uliza: katika hiyo asilimia mia, ngapi sheria tayari inaidai, na vyeti vya ziada vinatoka mtambo gani? Asiyeweza kujibu hilo anauza rangi tu.

Tano, ikiwa umeshasaini mlangoni, usikae na aibu yako. Una siku chache za kughairi. Zikipita, bado unaweza kuomba kurudi kwa kampuni ya kawaida, ila soma kwanza kama mkataba una faini ya kuvunja mapema. Na ukidanganywa, jimbo lina tume inayosimamia kampuni za umeme, na kupeleka malalamiko huko hakuhitaji wakili. Mwaka 2024 Maryland ilitunga sheria ya kuwabana zaidi wauzaji hawa, kwa sababu waliolalamika walikuwa wengi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka bili za miezi 12 mahali pamoja, hata kama ni picha kwenye simu. Mdogo wangu angekuwa nazo, angeona mabadiliko mwezi wa kwanza badala ya wa tatu.

Na mtoto je?

Watoto wengi wa familia zinazohamia ugenini wanakuwa midomo ya wazazi wao. Tunajivunia: “Mwanangu anajua Kiingereza kama wenyeji.” Lakini kujua maneno ni jambo moja, na kujua mkataba ni jingine. Mtoto wa miaka 11 alitafsiri sawasawa alichoambiwa. Aliyedanganya ni mtu mzima, na aliyesaini ni mtu mzima.

Mdogo wangu alichukua wiki kadhaa kuliona hilo. Jumapili moja akakaa na mwanawe mezani, akaweka bili mbili, ya zamani na mpya, akamwambia: “Kosa halikuwa lako. Mimi nilikuwa nimechoka, nikakubebesha mzigo wangu. Nisamehe.” Halafu wakazisoma bili zile pamoja, mstari kwa mstari, wakipiga simu pale waliposhindwa. Mtoto ndiye aliyegundua kwamba kuna sehemu mbili.

Siku hizi nyumba ile ina sheria yake: mtoto anaweza kutafsiri salamu, maelekezo ya njia, hata barua ya shule. Karatasi yenye sehemu ya kusaini inasubiri mpaka apatikane mtu mzima anayeielewa, iwe ni kesho au wiki ijayo.

Binti wa shangazi hakusaini. Kijana aliacha karatasi yake, akaenda nyumba ya jirani.