Muda wa Kusubiri Jibu

Walimu wanafunzi wanaporejea hapa Nyakato kutoka katika mazoezi ya kufundisha, lalamiko huwa lile lile: "Watoto wale ni wazito." Kabla ya kulikubali neno hilo, yafaa tujifunze jambo kutokana na kipimo cha MRI kinachotumika hospitalini.

Ndani ya sumaku yenye nguvu, viini vya haidrojeni vilivyomo mwilini hujipanga. Mawimbi ya redio huvisukuma vikaacha mpangilio huo, navyo hutoa ishara ambayo kwayo picha hutengenezwa. Mtaalamu hupanga nyakati mbili: muda wa kurudia msukumo, na muda wa kungoja kabla ya kuipokea ishara.

Mafuta hurejea katika mpangilio upesi, majimaji hurejea polepole. Katika sumaku ya tesla 1.5, sehemu kubwa ya mafuta hurejea kwa robo sekunde hivi. Majimaji yanayozunguka ubongo huhitaji kama sekunde 4. Basi msukumo ukirudiwa kila nusu sekunde, na ishara ikapokewa mapema, mafuta hung'aa na majimaji huonekana meusi. Ukirudiwa baada ya sekunde 3 au zaidi, na ishara ikangojwa milisekunde 100 hivi, majimaji yale yale hung'aa. Mgonjwa hakubadilika, hapo kwanza majimaji yalinyimwa muda tu. Ndiyo maana daktari huzitazama picha zote mbili.

Darasani nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1974 Mary Budd Rowe wa Marekani alieleza kwamba walimu husubiri jibu kwa sekunde moja tu hivi. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Mtoto wetu anayefikiri kwanza kwa Kisukuma, kisha akatafuta neno la Kiswahili, atawezaje kujibu kwa sekunde moja?

Wako watakaosema kwamba kipindi ni kifupi na wanafunzi ni wengi. Lakini maswali 10, kila moja likingojewa sekunde 3, huchukua nusu dakika. Majedwali ya kuzidisha na yaulizwe upesi. Maswali ya "kwa nini" yangojewe.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzetu, uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kumtaja mtoto. Usimwite mzito mtoto ambaye hujampa muda.